Ekzosi ya IST iliyochomelewa mara tatu

Gari ni Toyota IST ya mwaka 2003, injini ya 1NZ yenye cc 1,500, na ni ile inayovuta kwa magurudumu yote manne, yaani NCP65. Naitaja namba hiyo mapema kwa sababu kuisahau kulinipotezea siku nzima kwenye maduka ya spea ya Ilala. Tunaishi Kigamboni, upande ambao ukipitisha kidole kwenye kioo cha gari jioni na kukilamba unaonja chumvi, na kwa miaka minne gari hilo limekuwa likivuka na pantoni karibu kila siku ya kazi.

Ilianza na kelele. Mwanzoni ni mngurumo mdogo nikikanyaga mafuta, kitu ambacho redio inaweza kukificha. Baada ya wiki mbili mlinzi wa mtaani alikuwa anafungua geti kabla sijakunja kona. Nikaenda kwa fundi wa kuchomelea wa barabarani, akaingia chini ya gari kwa dakika kumi, cheche zikaruka, kelele ikaisha, nikatoa Sh15,000. Baada ya miezi mitatu ikarudi. Nikaenda kwa mwingine, naye akachomelea, ikarudi baada ya miezi miwili. Wa tatu aliweka kiraka cha bati kabisa, akapiga rangi ya fedha juu yake, akaniambia, "Bosi, hapa umemaliza." Nikamaliza wiki tano.

Miezi mitatu, miwili, wiki tano. Mtu makini angeona kuna kitu kinaharakisha. Mimi nilidhani ni kutu, nikawa nawalaumu bahari na mafundi kwa zamu.

Aliyeniamsha ni binti yetu wa miaka sita. Alianza kutapika kwenye foleni ya pantoni. Mke wangu akasema ni chai ya haraka ya asubuhi, mama mkwe akasema mtoto ana minyoo, akapewa dawa ya minyoo. Lakini Jumapili, tukipita Daraja la Nyerere vioo vikiwa wazi, alikuwa mzima na anaimba. Siku moja nikakaa mimi kiti chake cha nyuma, mke wangu akaendesha. Tulisimama foleni dakika arobaini, vioo vimefungwa kwa ajili ya kiyoyozi. Tunashuka ng'ambo, kichwa kinanigonga kama mtu aliyeamka na malaria.

Moshi wa petroli una hewa ya kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Ile harufu tunayoisikia ni ya vitu vingine vinavyosafiri pamoja nayo. Ikiingia kwenye damu hushikana na himoglobini kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200. Hukalia kiti cha oksijeni na haishuki upesi. Kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu, usingizi usioeleweka: dalili zake ni zilezile za magonjwa yetu ya kila siku, ndiyo maana mtoto anapewa dawa ya minyoo. Gari likiwa linatembea, upepo hukokota sehemu kubwa ya kinachovuja. Likisimama kwenye foleni injini inanguruma, moshi unakaa chini ya sakafu na kupanda polepole kupitia kila tundu lililozibwa vibaya. Na gari lenye mlango mkubwa wa nyuma kama IST, mpira wa mlango ule ukichoka, huvuta hewa ya nyuma kuingia ndani hata likiwa safarini.

Kuanzia siku ile mtoto alipanda pantoni kwa miguu na mama yake, na mimi nikaendesha vioo vikiwa wazi hadi kazi ilipokwisha.

Kompyuta haikuona kitu

Kabla ya kulala chini ya gari nilipeleka likapimwe kwa mashine. Kijana akachomeka kifaa chake, akasoma, akasema gari zima, hakuna kosa hata moja. Taa ya injini haikuwa imewahi kuwaka. Hapo ndipo watu wengi huridhika, na mimi nilikaribia kuridhika.

Sensa za oksijeni ziko mbele, karibu na injini na masega, yaani kile kifaa cha kusafisha moshi ndani ya ekzosi. Zinapima moshi unaopita pale zilipo. Kinachotokea nyuma yake haziwezi kukijua. Tundu likiwa mbele ya sensa mambo hubadilika. Moshi hautoki kwa mkondo mmoja, hutoka kwa kupwita, na kati ya pigo moja na jingine bomba linaweza kunyonya hewa ya nje kupitia tundu hilo. Sensa inaona oksijeni nyingi, kompyuta inadhani mafuta ni machache, inaongeza mafuta, nawe unaanza kulalamika kwamba gari limekuwa mlevi. Huko mashine ingeandika P0171, yaani kosa la mafuta machache kuliko hewa, na fundi angeanza kukubadilishia plagi na sensa. Langu lilitoboka nyuma ya sensa zote, kwa hiyo kompyuta ilikuwa inasema kweli kuhusu sehemu inayoijua. Sehemu iliyobaki ilihitaji mtu alale chini.

Nililala chini Jumamosi asubuhi, injini ikiwa baridi tangu usiku. Uwanja wetu ni mchanga, na mchanga ni adui wa jeki: unapandisha gari huku jeki inazama. Niliweka vipande vya ubao mnene chini ya jeki na chini ya kila stendi, nikazuia magurudumu ya mbele kwa mawe, na nilipoinua nyuma nikaingiza tairi la akiba chini ya ubavu wa gari. Sikutumia matofali. Tofali la saruji linabeba mzigo vizuri mpaka dakika linapopasuka, na halitoi taarifa. Nikasukuma gari kwa bega kutoka kila upande kabla ya kuingiza kichwa.

Ekzosi ya gari langu ni vipande vitatu: bomba la mbele lenye masega, bomba la kati lililopinda kukwepa shafti na difu zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma, kisha sailensa na mkia wake. Bomba la mbele limeungwa juu na nyuma kwa viungo vya springi. Nilipofika kwenye kile kiungo cha nyuma ya masega nikaacha kutafuta tundu, nikabaki natazama. Hakikuwa kiungo tena. Kilikuwa kimezungushiwa chuma kilichoyeyushwa, nene kama uji ulioganda pembeni mwa sufuria, na zile boliti mbili zikiwa zimezikwa humo pamoja na springi zake.

Goti lililofungwa

Kiungo hicho ni cha ajabu kwa asiyekijua. Mdomo mmoja umebinuka kama bakuli, mwingine umevaa gasketi nene ya duara inayokaa ndani ya bakuli hilo. Boliti mbili zinapita, na kila moja ina springi inayokandamiza midomo hiyo ikutane. Ukishika bomba na kulitikisa, kiungo kinacheza. Kimetengenezwa kicheze. Boliti zenyewe zina bega: unakaza mpaka bega linagota, na springi inabaki na nafasi ya kujikunja na kujikunjua.

Sasa mchukue fundi ambaye maisha yake yote kazi yake ni kukaza vitu. Anasikia moshi unavuja hapo, kwa sababu gasketi imekwisha. Anashika, anaona kinacheza, anasema kimelegea. Anajaribu kukaza, boliti imeshagota. Basi anachomelea pande zote. Moshi unaacha kuvuja siku hiyohiyo na mteja anaondoka akishukuru. Ndivyo nilivyofanya mimi ile mara ya kwanza, kwa Sh15,000.

Gasketi ile, nilikuja kujua, bei yake haikufika nusu ya hiyo.

Nini kinahitaji kucheza pale? Kwanza injini. Imekalia mipira, na kila ukikanyaga mafuta au ukiingiza gia inajipindua kidogo. Mtu akikaa ndani, akakanyaga breki na kuingiza D, wewe ukiwa umefungua boneti pembeni, utaiona inavyojivuta. Ekzosi imeshikana na injini mbele, na nyuma imening'inia kwenye bodi. Ni kama mguu wenye kifundo na goti: kwa kuwa viungo viwili vipo, bomba la mbele linaweza kuyumba bila kuuburuza mwili mzima. Ukifunga goti, kifundo peke yake hakiwezi. Mzunguko wote unahamia kwenye bomba la kati, na chuma chembamba kilichokwisha pata moto wa kuchomelewa hupasuka pembeni mwa ule mshono.

Jambo la pili sikulijua hadi jirani yetu alipoinama kunitazama. Ni mzee aliyestaafu TAZARA, shirika la reli, na huwa hawezi kuona mtu yuko chini ya gari akapita.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Unatafuta nini huko?"

Nikamwonyesha. Akaangalia ule uji wa chuma kwa muda, akauliza, "Nafasi wameacha wapi?" Sikuelewa. Akasema reli zikiunganishwa huachiwa nafasi kwa sababu chuma kikipata jua hurefuka, na kama hakina pa kwenda kinapinda njia nzima. "Na hilo bomba linapata zaidi ya jua."

Nilipiga hesabu baadaye, mikono ikiwa bado myeusi. Chuma cha kawaida hurefuka kama milimita 1.2 kwa kila mita likipanda joto nyuzi 100. Bomba la mita 3 likipanda nyuzi 300 linarefuka karibu sentimita moja nzima. Sentimita moja, kila ukiwasha na kuzima, asubuhi na jioni. Ndiyo sababu ekzosi haifungwi kwa boliti kwenye bodi, inaning'inizwa kwa mipira.

Na mipira yangu? Kati ya minne, mmoja tu ulikuwa wa kiwandani, umepasuka nusu. Mwingine ulikuwa kipande cha tairi kilichotobolewa. Miwili iliyobaki haikuwepo kabisa, mahali pake palikuwa na waya wa kufungia nondo, umezungushwa mara sita na kukazwa kwa koleo mpaka bomba likaganda. Fundi wa pili au wa tatu, sijui. Nyufa zenyewe zilikuwa zimejipanga kuanzia ule mshono wa kwanza kurudi nyuma, kila moja imeanzia pembeni mwa kiraka kilichoitangulia. Kila tulipoziba, tulikuwa tunaongeza sehemu isiyokunjika na kusukuma ufa mbele kidogo.

Kutu ilikuwepo, siikatai. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji, na ekzosi isipopata moto wa kutosha maji hayo yanabaki ndani ya sailensa. Safari ya kwenda pantoni kisha foleni ni fupi mno kuyakausha. Ndiyo maana sailensa nyingi zina kitundu kidogo chini, ambacho watu huomba kizibwe wakidhani ni hitilafu. Chumvi ya bahari ikafanya kazi kutoka nje. Lakini kutu ingelila bomba popote lilipo jembamba. Isingechagua kufuata mishono ya kuchomelea moja baada ya nyingine.

Ilala, mara mbili

Uamuzi ulikuwa kubadilisha kuanzia nyuma ya masega hadi mkiani, na kurudisha kiungo kama kilivyozaliwa. Bomba la mbele lilikuwa zima isipokuwa mdomo wake wa nyuma uliozikwa.

Watu wengi hapa huwa na njia tatu. Unaweza kutengenezewa sailensa ya bati na mafundi wa mjini, rahisi na inapiga kelele nzuri kwa miezi kadhaa. Unaweza kununua mpya ya kuagiza. Au unanunua mtumba wa Kijapani uliokatwa kwenye gari la aina hiyohiyo. Nilichagua mtumba, kwa sababu ile ya kiwandani imetengenezwa kwa chuma kilichotiwa dawa ya kuzuia kutu na mikunjo yake imekaa sawa na gari, wakati bomba jeusi la dukani linaanza kutu siku unayolifunga.

Nilikwenda Ilala nikasema nataka bomba la kati na sailensa ya IST, 1NZ. Kijana akanitolea, akasema, "Hiyohiyo bosi, inaingia bila maneno." Nikafunga juu ya bodaboda, nikavuka nayo pantoni huku abiria wakinitazama kama mtu aliyebeba bazuka. Nyumbani nikaiweka chini ya gari: inapita moja kwa moja mahali pa shafti. Ilikuwa ya NCP61, ile ya kuvuta mbele tu, ambayo haina shafti wala difu ya kukwepa. Injini ileile, sura ileile, jina lilelile, chini magari mawili tofauti. Kijana hakunidanganya, alijibu swali nililomuuliza.

Safari ya pili nilibeba vitu vitatu. Picha ya kibao cha namba ya chesisi, picha ya ekzosi ya zamani ikiwa bado imening'inia, na kipande cha uzi. Uzi huo niliuzungusha kwenye bomba la zamani nikapata sentimita 13.5, ukigawa kwa 3.14 unapata upana wa sentimita 4.3. Mtu wa spea anaweza kubishana na maelezo yako lakini habishani na uzi. Alikubali kubadilisha kwa kuongeza kidogo, na jumla bomba la kati na sailensa vikanigharimu Sh120,000.

Sailensa ya mtumba usinunue kwa macho. Niliitikisa kwanza: kikicheza kitu ndani, kuta za ndani zimeachia. Nikagonga kwa kipini cha spana kuzunguka mshono. Palipo pazima panalia, palipooza panajibu kama boga. Nikachokoa kwa bisibisi chini ya mahali mipira inaposhika, maana tope hukaa hapo. Moja niliikataa kwa uzito tu. Nilipoiinamisha ilimwaga maji ya kahawia karibu kikombe kizima.

Gasketi, boliti na springi zake, na mipira minne nilinunua mpya. Hapo sibishani na mtu.

Palepale mtu mwingine akanifuata. Alikuwa ameona picha, akataka kujua kama masega yangu bado yapo. "Yanaziba pumzi ya gari, kaka. Tukutolee, gari liwe jepesi, na pesa nakupa mimi." Ukiona mtu anataka kukufanyia kazi na kukulipa juu yake, jua kinachotoka ni cha thamani kuliko kazi. Ndani ya masega kuna platinamu, paladiamu na rodiamu, kidogo sana lakini vinatosha kumfanya mtu akusubiri. Vyenyewe ndivyo vinavyogeuza kaboni monoksidi kuwa kaboni dioksidi, masega yakishapata moto. Mimi niliyekuwa natafuta namna mwanangu asivute hewa hiyo, nitoe kifaa pekee kinachoiua? Masega yakiziba kweli, gari linakosa nguvu kabisa na kushindwa kupanda mlima. Langu lilikuwa na kelele, nguvu lilikuwa nazo.

Kazi yenyewe

Ijumaa usiku nilipulizia mafuta ya kulainisha kutu kwenye kila nati, nikarudia asubuhi. Nilitoa waya wa betri. Nyuma nilikata kwa msumeno wa chuma wa mkono ingawa jirani mwingine alinipa grinda yake kwa moyo safi. Tanki la petroli liko hatua moja kutoka pale, na cheche za grinda hazina adabu. Msumeno ulichukua nusu saa na kunitoa malengelenge mawili.

Kilichokula asubuhi yote ni boliti mbili za kiungo cha juu, kwa sababu ilibidi bomba la mbele nalo litoke ili ule mdomo uliozikwa ukashughulikiwe mezani. Ya kwanza ilitoka kwa heshima. Ya pili ilizunguka robo, ikagoma. Hapa ndipo watu huongeza bomba kwenye mkono wa spana, wakakata boliti na kubaki na kisiki ndani. Nilirudisha nyuma robo ileile, nikapuliza mafuta, nikasogeza mbele robo na kidogo, nikarudisha. Inalia kwii kila mara. Kutu inatoka kwenye nyuzi kama unga wa tangawizi. Dakika hamsini kwa boliti moja ya urefu wa kidole, nikiwa chali, vumbi jekundu likiniangukia kwenye nyusi. Ilipotoka nzima nilipiga kelele, mke wangu akatoka jikoni akidhani gari limenilalia.

Sensa niliifungua kwa spana namba 22 kabla bomba halijaondoka, nikaifunga kwenye mfuko wa plastiki safi.

Kuchomelea sikufanya mwenyewe, sina mashine wala mkono wa hiyo kazi. Nilibeba bomba la mbele hadi kwa fundi, nikamweleza ninachotaka: asage ule uji wote, tuone kama mdomo wa asili unafaa. Haukufaa, ulikuwa umeliwa. Akachukua mdomo kutoka kwenye kipande cha bomba la mtumba, akataka kuongezea urefu kwa bomba la maji la zinki alilokuwa nalo pembeni. Nikamwomba asitumie hilo. Zinki ikichomwa hutoa moshi mweupe unaompa mchomeleaji homa na kutetemeka usiku, na yeye mwenyewe akacheka akasema, "Kumbe ndiyo ile homa ya jioni." Akatafuta bomba jeusi. Aliligusisha kwa nukta tatu tu kwanza, nikalirudisha nyumbani nikalining'iniza kwenye gari kuhakikisha pembe, nikalitoa tena, ndipo akazungusha mshono kamili juu ya meza. Safari mbili za bodaboda, lakini hakuna moto uliowashwa chini ya tanki.

Kurudisha, kosa lilikuwa langu peke yangu. Nilifunga kiungo cha juu nikakaza hadi bega. Nikafunga cha pili nikakaza. Halafu nikaning'iniza sailensa, mipira ikikataa kuingia mpaka nilipoipaka maji ya sabuni (mafuta na grisi huozesha mpira). Nikashusha gari, nikaendesha hadi dukani. Kila tuta, ngo! Sailensa ilikuwa imeegemea upande wa kushoto, inagusa bodi. Nilikuwa nimeibana mbele kabla haijachagua pa kukaa nyuma.

Nikainua tena, nikalegeza kila kitu. Safari hii mipira kwanza, yote minne, ekzosi ikiwa imebebwa nayo tu na viungo vikiwa vimeshikwa kwa vidole. Nikaitikisa kulia na kushoto hadi ikatulia yenyewe, nikapima vidole viwili kati ya bomba na kila kilicho karibu: shafti, difu, ngao ya joto, bampa. Mzee wa TAZARA akaja akaingiza kidole chake kati ya mkia na bampa, hakusema kitu, akatingisha kichwa kukubali. Ndipo nikakaza kuanzia mbele kurudi nyuma, boliti hii kidogo, ile kidogo, hadi mabega yagote.

Kupima ni rahisi na hakuhitaji mashine. Ukiwasha injini ikiwa baridi, mtu anaziba mkia kwa kitambaa kilicholowa, asing'ang'anie, na wewe unapuliza maji ya sabuni kwenye kila kiungo. Povu likichemka pana tundu. Kiungo kipya hakikutoa hata puto moja. Dakika kumi za kwanza gari lilifuka moshi wa mafuta yale ya kutu niliyopuliza, mke wangu akatoka tena jikoni.

Sasa ni mwezi wa saba tangu siku ile. Mtoto amerudi kiti chake cha nyuma na analala foleni nzima, ingawa mazoea ya kushusha vioo tukisimama tumebaki nayo. Kuna kitu kimoja. Asubuhi nikiwasha nasikia tik-tik-tik nyembamba kutoka juu, na baada ya dakika mbili tatu inapotea. Ni kile kiungo cha juu. Siku ile dukani walikuwa na gasketi ya saizi moja tu, nikarudisha ya zamani nikijipa moyo kwamba bado inafaa. Bomba likiwa baridi inaacha upenyo mdogo, chuma kikipata moto na kurefuka panajiziba. Gasketi mpya nimeshanunua, iko kwenye droo jikoni, na boliti mbili zake. Jumamosi hii nikijaliwa, ile boliti ya dakika hamsini inanisubiri, ila safari hii niliifunga kwa grisi ya shaba.